Kutoka shiti za Excel mpaka muhtasari: kweri za SQLite kwa makarani wa zabibu

Mbukwenyi wadau. Hii ni kwa makarani, wahasibu na vijana wa kompyuta mnaoshika takwimu za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za zabibu huku Dodoma mjini, Chamwino na kwingineko, na hata kama wewe unashika alizeti Kongwa au mahindi pale Kibaigwa mambo ni yale yale, badilisha majina ya kolamu tu. Hali yenyewe mnaijua: kila kituo kina shiti yake, kimoja kinatuma kwa WhatsApp, kingine kinaleta kwa fleshi, kingine kimeandika tarehe kwa staili yake, afu msimu ukiisha bodi inataka kujua zimepokelewa kilo ngapi, wastani wa bei umesimama wapi, na nani bado anatudai.

Kama una shiti moja yenye mistari mia mbili usijisumbue, tumia pivoti ya Excel na ukalale. Databezi inaanza kulipa pale mafaili yanapokuwa mengi na maswali yanajirudia kila wiki. Wengi wanadhani sababu ya kuhama ni ukubwa, kwamba Excel itajaa, lakini shiti moja inabeba mistari 1,048,576 (lile faili la zamani la xls ndo lilikuwa linaishia 65,536) na sijui AMCOS gani itafika huko. Sababu ya kweli ni kwamba kweri (query, yaani swali unaloiandikia databezi kwa lugha ya SQL) ni maandishi. Unaiandika mara moja, mwenzako anaisoma na kuona jumla imetokana na nini, wiki ijayo unaipiga tena bila kuburuta fomula, na data ghafi inabaki kama ilivyokuja.

Programu ninayoshauri ni SQLite. Ni ya bure, haitaki seva wala intaneti, databezi nzima ni faili moja unaloweza kulikopi kwenye fleshi. Ilianzishwa na D. Richard Hipp mwaka 2000 na imo ndani ya kila simu ya Android, kwa hiyo usiione ndogo. Ili usiandike kwenye lile dirisha jeusi, pakua DB Browser for SQLite, nayo ni ya bure na hata laptopu ya kizamani inaibeba.

Kwanza shiti yenyewe

Hapa ndo kazi ilipo, na hapa ndo watu wanaparuka. Tuseme shiti ina kolamu hizi: tarehe, kituo, aina (mvinyo au mezani), mwanachama (namba yake ya uanachama), risiti, kilo, bei, malipo. Mstari wa kwanza uwe na majina hayo tu, mafupi, bila nafasi katikati. Ile "TAARIFA YA MAPOKEZI YA ZABIBU" iliyounganishwa seli nane juu na kupakwa rangi, futa. Fanya yote haya kwenye kopi, original ikae pembeni.

Karani akiandika kwa ajili ya macho ya binadamu anaandika "Hombolo" mara moja afu mistari thelathini chini yake anaiacha wazi, jicho linaelewa ila databezi haielewi, kila mstari unajitegemea. Kwa hiyo jaza. Kwenye Excel chagua kolamu ya kituo kuanzia mstari wa kwanza wa data mpaka wa mwisho, bonyeza F5, ingia Special, chagua Blanks, hapo seli zote tupu zitakuwa zimeshikwa, andika alama ya = afu bonyeza mshale wa juu, maliza kwa Ctrl na Enter kwa pamoja. Zote zinajaa. Baada ya hapo kopi kolamu na uipesti kama values ili fomula zitoke.

Kuna mistari ya JUMLA pia, katikati na mwisho. Ukiiingiza kama ilivyo, kila kilo inahesabiwa mara mbili. Ila usiifute kabla hujaziandika zile jumla kwenye karatasi, utazihitaji baadaye kuikagua kazi yako.

Tarehe: shika kolamu nzima, ingia kwenye fomati ya seli, weka yyyy-mm-dd, mwaka ukae mbele. CSV (faili la maandishi matupu tutakalohifadhia shiti) inahifadhi kile kinachoonekana kwenye skrini, sio kile kilicho ndani ya seli, kwa hiyo ukionyesha 2024-08-14 ndo itakayoenda. Kwa sababu hiyo hiyo kolamu ya kilo irudishe kwenye fomati ya General, maana kama ilikuwa inaonyesha 412 wakati ndani ni 412.5, hiyo nusu kilo inapotea na hutaambiwa.

Hifadhi kama CSV UTF-8. Ukifungua kwa Notepad ukakuta vitenganishi ni nukta mkato badala ya mkato usishangae, ni mipangilio ya nchi kwenye Windows, utaichagua wakati wa kuingiza.

Kuingiza

Fungua DB Browser, tengeneza databezi mpya uiite zabibu2024.db au vyovyote, afu File, Import, Table from CSV file. Weka tiki kwenye Column names in first line, jina la jedwali andika `ghafi`. Faili la kituo cha pili nalo ingiza kwa jina hilo hilo, programu itakuuliza kama unataka data iingie kwenye jedwali lililopo, kubali, ilimradi kolamu zinafanana. Ukimaliza bonyeza Write Changes, bila hivyo umeme ukikatika umeanza upya.

Sasa nenda kwenye Execute SQL, na kweri ya kwanza kabisa isiwe ya jumla, iwe hii:

```
SELECT kituo, COUNT(*) AS mistari
FROM ghafi
GROUP BY kituo
ORDER BY kituo;
```

GROUP BY ni kama kupanga kreti kabla ya kupima: za Hombolo fungu lake, za Mpunguzi fungu lake, afu COUNT au SUM inapita fungu moja moja. Linganisha idadi ya mistari na ile ya Excel, kisha angalia majina. Mara nyingi utakuta kitu cha aina hii:

```
HOMBOLO     41
Hombolo     212
Hombolo     9
JUMLA       6
Mpunguzi    187
mpunguzi    3
```

Hombolo mbili zinafanana kabisa kwa macho lakini moja ina nafasi mwishoni, na kwa databezi hivyo ni vituo viwili. Kama ungerukia kwenye SUM moja kwa moja ungepata ripoti yenye vituo vitano badala ya viwili, au mbaya zaidi ungesoma ule mstari mkubwa wa Hombolo peke yake na kuupeleka kwa bodi. Kweri haigomi. Itakupa namba tu, iwe sahihi isiwe sahihi, na namba zote zinaonekana safi kwenye skrini.

Kusafisha bila kugusa data ghafi

Usianze kurekebisha mstari kwa mstari. Tengeneza view, yaani kweri iliyopewa jina, inayosoma ghafi na kukuletea ikiwa imenyooshwa:

```
CREATE VIEW safi AS
SELECT
  TRIM(tarehe) AS siku,
  UPPER(TRIM(kituo)) AS kituo,
  LOWER(TRIM(aina)) AS aina,
  UPPER(TRIM(mwanachama)) AS mwanachama,
  TRIM(risiti) AS risiti,
  CAST(REPLACE(kilo, ',', '') AS REAL) AS kilo,
  CAST(REPLACE(bei, ',', '') AS REAL) AS bei,
  LOWER(TRIM(IFNULL(malipo, ''))) AS malipo
FROM ghafi
WHERE TRIM(kituo) <> ''
  AND UPPER(kituo) NOT LIKE '%JUMLA%';
```

TRIM inakata nafasi za pembeni, UPPER inafanya herufi zote kubwa. Ile REPLACE usiione ni urembo. Mtu akiandika kilo "1,250" na ikaingia kama maandishi, SQLite ikilazimishwa kuifanya namba inasoma mpaka kwenye mkato na kuishia hapo, inakupa 1. Sio 1250, ni 1. Mkulima amepeleka zaidi ya tani ya zabibu, kwenye ripoti yako ana kilo moja, na hakuna meseji yoyote ya kosa itakayotokea.

Tarehe zikague hivi:

```
SELECT siku, COUNT(*) FROM safi
WHERE siku NOT LIKE '____-__-__'
GROUP BY siku;
```

Isipotoa kitu, vizuri. Ikileta vitu kama 14.8.24 hayo ni maandishi ambayo Excel haikuyatambua kama tarehe, yarekebishe kwenye ile kopi ya shiti na uingize upya. Ikileta namba kama 45292 basi ni tarehe za Excel ambazo fomati yake ilikuwa General, zinahesabiwa kwa siku, na `date('1899-12-30', '+45292 days')` itakurudishia 2024-01-01.

Muhtasari wenyewe

Sasa ndo unaweza kujibu bodi.

```
SELECT kituo,
  COUNT(*) AS mapokezi,
  COUNT(DISTINCT mwanachama) AS wakulima,
  SUM(kilo) AS jumla_kilo,
  SUM(kilo * bei) AS thamani
FROM safi
GROUP BY kituo
ORDER BY jumla_kilo DESC;
```

COUNT(*) inahesabu mistari, yaani mara ngapi mzigo umepokelewa, wakati COUNT(DISTINCT mwanachama) inahesabu watu. Bodi ikiuliza "wakulima wangapi wameleta" wanataka hiyo ya pili, na mtu akiwapa ya kwanza ushirika unaonekana una wanachama mara nne ya uhalisia. Chukua jumla_kilo ulinganishe na zile JUMLA ulizoandika kwenye karatasi. Zisipolingana usiendelee, tafuta kwanza. Na wakati mwingine kwa kweli utakuta aliyekosea ni karatasi, maana fomula ya SUM kwenye Excel ya kituo ilikuwa inaishia mstari wa 180 wakati data imefika 212.

Angalizo dogo: kila kolamu unayoiandika kwenye SELECT ama iwe ndani ya GROUP BY ama iwe imefungwa na SUM, COUNT, MAX na wenzake. Ukiandika `SELECT kituo, bei, SUM(kilo)` na ukagrupu kwa kituo tu, PostgreSQL (programu nyingine ya databezi) itakukatalia hapo hapo, ila SQLite inakubali na kukuchagulia bei kutoka mstari wowote ule wa hilo fungu. Inaonekana ni bei ya kituo. Sio.

Tukija kwenye wastani wa bei, hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo namba inayoleta maneno mkutanoni. Mtu wa kawaida anaandika AVG(bei). Sasa chukua mfano, bei hizi ni za kufundishia tu: mapokezi ya kwanza kilo 2,000 za zabibu za mvinyo kwa shilingi 1,200, ya pili kilo 100 za mezani kwa 1,800. AVG inajumlisha 1,200 na 1,800 inagawa kwa mbili, inakupa 1,500. Lakini hela iliyotoka ni 2,400,000 na 180,000, jumla 2,580,000, kwa kilo 2,100, ambayo ni kama shilingi 1,229 kwa kilo. Tofauti ya zaidi ya shilingi 270 kwa kila kilo, na mkulima wa zabibu za mvinyo akisikia "wastani wetu ni 1,500" atasimama aulize hiyo hela nyingine imeenda wapi, na atakuwa na haki. Kwa hiyo andika:

```
SELECT kituo, aina,
  ROUND(SUM(kilo * bei) / SUM(kilo)) AS wastani_bei
FROM safi
GROUP BY kituo, aina;
```

Na uone nimegrupu kwa aina pia. Kuchanganya zabibu za mezani na zile zinazoenda kukamuliwa mchuzi (juisi ya kutengenezea mvinyo) kwenye wastani mmoja sioni faida yake hata kama hesabu ni sahihi, ni soko mbili tofauti.

Zabibu zetu zinavunwa misimu miwili kwa mwaka, kwa hiyo kugrupu kwa mwaka peke yake kunaficha mambo. Tumia CASE:

```
SELECT substr(siku, 1, 4) AS mwaka,
  CASE WHEN substr(siku, 6, 2) <= '06'
       THEN 'msimu wa 1' ELSE 'msimu wa 2' END AS msimu,
  SUM(kilo) AS jumla_kilo
FROM safi
GROUP BY mwaka, msimu;
```

Mpaka nimeuweka mwezi wa sita, wewe weka unapofaa kwenu.

Nani anatudai

Kabla ya kuuliza hilo piga `SELECT malipo, COUNT(*) FROM safi GROUP BY malipo;` uone makarani wameandika nini. Kuna ndiyo, kuna ndio, kuna tayari, kuna "kalipwa nusu", kuna patupu. Ukishayajua yote ndo unaandika:

```
SELECT mwanachama, SUM(kilo * bei) AS deni
FROM safi
WHERE malipo NOT IN ('ndiyo', 'ndio', 'tayari')
GROUP BY mwanachama
HAVING SUM(kilo * bei) > 500000
ORDER BY deni DESC;
```

WHERE inachuja mistari kabla ya kugrupu, HAVING inachuja mafungu baada ya kujumlisha. Ukitaka wanaodai zaidi ya laki tano hiyo ni HAVING, kwa sababu mtu anaweza kuwa na risiti sita za laki moja moja na WHERE isingemuona kabisa. Wale wa "kalipwa nusu" wataingia na deni zima, hao toa kwenye orodha uwashughulikie kwa daftari, hakuna kweri itakayojua nusu ni ngapi.

Utataka pia majina na namba za simu, kwa hiyo ingiza rejesta ya wanachama kama jedwali la pili, `wanachama`, lenye namba, jina, simu, na uhakikishe namba ziko kwa herufi kubwa kama kule kwenye safi. Unganisha kwa namba, kamwe usiunganishe kwa jina, mtu mmoja ni Ndahani huku, Ndahan kule, na J. Ndahani kwenye shiti ya tatu. Kabla hujaunganisha:

```
SELECT namba, COUNT(*) FROM wanachama
GROUP BY namba HAVING COUNT(*) > 1;
```

Ikileta mtu yeyote simama hapo. Namba ikiwa mara mbili kwenye rejesta, kila mzigo wa huyo mtu utatokea mara mbili baada ya kuunganisha, na deni lake litaongezeka maradufu, na kwa bahati mbaya mwanachama aliyezidishiwa deni huwa halalamiki. Rejesta ikishakuwa safi:

```
SELECT s.mwanachama, w.jina, w.simu,
  SUM(s.kilo * s.bei) AS deni
FROM safi s
LEFT JOIN wanachama w ON w.namba = s.mwanachama
WHERE s.malipo NOT IN ('ndiyo', 'ndio', 'tayari')
GROUP BY s.mwanachama, w.jina, w.simu;
```

Nimetumia LEFT JOIN makusudi. JOIN ya kawaida ingemtupa kimya kimya yeyote ambaye namba yake haipo kwenye rejesta, na deni lake lingetoweka na yeye. Hii inamuacha na jina tupu, unamuona, unauliza kituoni huyu nani.

Faili lililoingia mara mbili

WhatsApp hii. Kituo kinatuma faili Ijumaa, Jumatatu kinatuma tena "lililorekebishwa", wewe unaingiza yote mawili. Njia ya kukamata:

```
SELECT kituo, risiti, COUNT(*) AS mara
FROM safi
GROUP BY kituo, risiti
HAVING COUNT(*) > 1;
```

Kuna watu watakushauri uweke SELECT DISTINCT tu zijifute zenyewe, mi sikubaliani. Mkulima anaweza kuleta kilo 95 asubuhi na kilo 95 nyingine jioni, bei ile ile, siku ile ile, mistari miwili inafanana kila kitu isipokuwa namba ya risiti, na kama karani hakujaza risiti basi DISTINCT imemnyang'anya mtu mzigo wa jioni. Ndo maana kolamu ya risiti nimeing'ang'ania tangu mwanzo, na kama shiti zenu hazina, anzeni kuiweka msimu ujao kabla ya kuongeza kolamu nyingine yoyote. Ukikuta rudufu nyingi za kituo kimoja, rahisi ni kufuta mistari yote ya kituo hicho kwenye ghafi na kuingiza lile faili jipya peke yake. Jumla zitabadilika zenyewe kwa sababu view inasoma upya kila unapoiita.

Kumpelekea mwenyekiti

Mwenyekiti anataka karatasi yenye mstari wa jumla chini. SQLite haina ROLLUP (amri ya kuongeza mstari wa jumla) kama databezi nyingine, kwa hiyo unaunganisha kweri mbili:

```
SELECT kituo, SUM(kilo) AS kilo, SUM(kilo * bei) AS thamani
FROM safi GROUP BY kituo
UNION ALL
SELECT 'JUMLA KUU', SUM(kilo), SUM(kilo * bei) FROM safi;
```

Matokeo unayatoa kwa kitufe cha kuhifadhi kilichopo hapo hapo Execute SQL, chagua CSV, fungua kwa Excel, weka mipaka na nembo yenu, printi. Kweri zote zikusanye kwenye faili moja la maandishi, juu ya kila moja andika mstari unaoanza na vistari viwili `--` ukieleza inajibu swali gani, na lihifadhi pamoja na lile faili la db, moja kwenye laptopu na kopi kwenye fleshi inayokaa ofisini. Karani akibadilishwa katikati ya msimu, anayeingia anafungua faili, anapiga kweri kutoka juu kwenda chini, anapata ripoti ile ile.